NYUKI WALIOHAMIA GHALANI

(Haya ni maneno ya mazungumzo waliyopewa wakulima na watu wa mji, Mtwapa.)



Habari nitakayowaeleza leo ni ya nyuki, lakini si nyuki wa msituni wala wale walio katika mizinga ya warina asali. Nataka kusema juu ya nyuki waliohamia katika jengo la shamba: ghala ya mahindi, banda la ng'ombe, uchaga wa jikoni, au dari ya nyumba ya kukaa. Jambo hili si geni hapa Mtwapa, wala kule Kikambala, Chonyi na Kilifi. Mtu huamka asubuhi, akaenda kufungua ghala yake, akasikia mvumo ndani ya ukuta. Akitazama juu, aona nyuki wakiingia na kutoka katika ufa ulio chini ya bati.

Hapo ndipo mashauri yanapoanza. Jirani wa kwanza asema, "Leteni moto." Wa pili asema, "Nunueni dawa ya kuulia wadudu." Wa tatu asema, "Zibeni ule ufa kwa udongo, watakufa wenyewe humo humo." Kila mmoja asema kwa nia njema. Lakini kila moja katika mashauri hayo matatu laweza kumtia mwenye ghala katika hasara kubwa kuliko hasara ya nyuki wenyewe. Aweza kupoteza mahindi ya mwaka mzima, aweza kupoteza mbuzi na kuku, tena aweza kupoteza mtoto.

Kwa hiyo ningependa tutokapo hapa kila mmoja ashike neno hili moja: nyuki waliokwisha jenga katika jengo hutolewa pamoja na masega yao, jioni, na mtu mwenye ujuzi na vyombo, kisha mlango walioingilia huzibwa. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hilo.

KWA NINI NYUKI HUHAMA

Katika kila kundi la nyuki mna malkia mmoja, madume, na watenda kazi ambao ni maelfu kwa maelfu. Kundi likistawi na nyumba ikawa ndogo, watenda kazi hulea malkia mpya. Kabla huyo mpya hajatoka, malkia wa zamani huondoka pamoja na sehemu kubwa ya watu wake, wakamwachia binti ile nyumba. Wale wanaoondoka hujaza asali tumboni iwe chakula cha njiani. Huruka kama wingu, kisha hutua juu ya tawi au pembe ya paa, wakashikamana mmoja na mwenziwe. Hilo ndilo tunaloliita bumba la nyuki.

Bumba likiwa limening'inia, wapelelezi huenda kutafuta makao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Munich nchini Ujerumani, mtaalamu aitwaye Martin Lindauer alilichunguza sana jambo hili. Aliona juu ya bumba nyuki waliokuwa wakicheza ile ngoma yao ya kuwaelekeza wenzao, nao walikuwa wamechafuka: wengine kwa masizi, wengine kwa vumbi la matofali. Akafahamu kwamba hao hawakutoka kwenye maua. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi ya nyumba na kuta zilizovunjika, nao wanaleta habari za nyumba walizoziona. Mwalimu wake, Karl von Frisch, aliyefumbua siri ya ngoma ya nyuki, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenziwe wawili mwaka 1973.

Je, wapelelezi hao wapenda nyumba ya namna gani? Huko Marekani mtaalamu Thomas Seeley aliwapimia nyuki masanduku ya ukubwa mbalimbali. Akaona kwamba wapenda mvungu mkavu wa kiasi cha lita 40, yaani kama madebe mawili, wenye mlango mdogo, tena ulio juu ya ardhi. Nyuki wetu wa Afrika hukubali hata mvungu mdogo kuliko huo. Sasa itazameni ghala ya shamba. Nafasi kati ya dari na bati, pipa tupu lililosahauliwa, mvungu wa ukuta wa mawe ya matumbawe ambao lipu yake imepasuka: kila kimoja ni nyumba tayari, nasi tumemjengea nyuki bila kujua.

Zamani nyuki walikuwa na nyumba nyingine. Mibuyu mikubwa ya pwani hii ina mivungu, na wazee wetu wa Kimijikenda walichonga magogo wakayatundika juu ya miti yawe mizinga. Siku hizi mashamba yamegawanywa viwanja, na miti mikubwa inakatwa. Mwaka 2022 watu wa Kilifi waliona mibuyu iking'olewa mizima mizima ili isafirishwe hata nchi ya Georgia, na jambo hilo likaleta malalamiko mengi. Kila mti wenye mvungu uondokapo, nyuki hupungukiwa na makao. Basi tusistaajabu wakibisha katika dari zetu.

NYUKI WA PWANI

Yafaa pia kumjua huyu nyuki wetu. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, alimwandika nyuki wa pwani kuwa ni namna ya peke yake, akamwita litorea, maana yake "wa pwani". Ni ndugu wa nyuki wa bara, lakini ni mdogo wa mwili. Kama nyuki wengi wa Afrika, yeye ni mwepesi wa kuhama. Akisumbuliwa na siafu, au jua kali, au njaa, au mkono wa mtu, kundi zima huacha masega na kwenda zake.

Tena ni mwepesi wa kujilinda. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil na Warwick Kerr, aliyetaka kuwachanganya na nyuki waliotoka Ulaya. Mwaka 1957 baadhi yao walitoroka. Wazao wao walienea nchi baada ya nchi, mpaka mwaka 1990 wakafika Marekani, katika jimbo la Texas. Huko kila mtu alijifunza kwamba nyuki wa asili ya Afrika haguswi kwa mchezo.

Nasema hayo kwa sababu siku hizi vijana wetu hutazama katika simu zao picha za wazungu wanaochota bumba la nyuki kwa mikono mitupu, wamevaa shati la mikono mifupi, wanacheka. Kijana akiona hivyo, adhani ni kazi rahisi. Wale ni nyuki wa Ulaya, waliochaguliwa na wafugaji miaka mingi kwa upole wao. Hawa wa Mtwapa hawakuchaguliwa na mtu kwa upole. Walichaguliwa na nyegere, na siafu, na moto wa mrina asali. Na katika hao wote waliopona ni wale waliojua kupigana.

MPITA NJIA NA MPANGAJI

Kabla ya kufanya jambo lo lote, mwenye jengo hana budi kujua kama mgeni wake ni mpita njia au ni mpangaji.

Mpita njia ni bumba linaloning'inia wazi juu ya tawi, au nguzo, au pembe ya paa, nalo halina masega. Nyuki hao wamejaza asali tumboni, hawana watoto wa kulinda, na kwa kawaida si wakali sana, ingawa hawafai kuchezewa. Wengi huondoka baada ya saa chache au siku chache. Dawa yao ni subira. Waondoeni watoto mahali hapo, wahamisheni mbuzi na kuku, mkazuie mtu asitupe mawe. Kama yuko mrina asali karibu, aitwe aje na mzinga wake. Atalitia bumba ndani jioni na kwenda nalo, nawe utakuwa umemfanyia fadhila.

Mpangaji ni yule aliyekwisha ingia ndani. Mtamtambua kwa njia hii: nyuki huingia na kutoka katika tundu moja mchana kutwa, na wale wanaorudi wamebeba chavua ya manjano miguuni. Chavua ni chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki walio bado katika masega. Ukiiona chavua ikiingia, jua kwamba yamkini ndani kuna watoto, na mwenye watoto hulinda mlango wake. Huyu ndiye nitakayemsema sasa.

MASHAURI MATATU YASIYOFAA

Shauri la kwanza lilikuwa moto. Paa nyingi za shamba hapa kwetu ni za makuti, na boriti zake zimekauka miaka mingi. Nta ya nyuki nayo huwaka; mishumaa ya kale ilitengenezwa kwa nta hiyo hiyo. Mwenge ukipelekwa kwenye masega chini ya makuti, na upepo wa kaskazi ukivuma, kinachoungua si nyuki peke yao. Huungua ghala, na mahindi, na pengine nyumba ya jirani. Na nyuki waliosalimika huenda kulipiza kisasi kwa watu wanaokimbilia kuuzima moto.

Shauri la pili lilikuwa dawa ya kuulia wadudu. Dawa ikinyunyizwa juu ya ghala, huanguka juu ya chakula kilichomo. Asali ya kundi lililouawa kwa sumu haifai kuliwa wala kuuzwa, hata ikiwa nzuri kwa macho. Na mtu anayeiuza anauza sumu. Nyuki wa mizinga ya majirani nao hunusa asali isiyo na mwenyewe, wakaja kuiiba, wakafa pia. Tena masega hubaki ukutani. Wakati nyuki wali hai walikuwa wakiyapepea kwa mabawa yao, hata majana yakakaa katika joto la nyuzi 34 au 35 za Sentigredi siku zote. Wakiisha kufa, hapana wa kupepea. Masega hulegea kwa joto la bati, asali hutiririka ukutani, majana huoza. Harufu huwaita siafu, panya na nondo wa nta. Mtu ameua nyuki kwa siku moja, naye atakaa na uvundo kwa majuma mengi.

Shauri la tatu lilikuwa kuziba ufa wakiwa ndani. Nyuki aliyefungiwa hutafuta nuru. Ataipata katika tundu jingine, na mara nyingi tundu hilo hutazama ndani, kwenye chumba walalamo watoto. Hivyo mtu aliyetaka kuwafungia nyuki nje ya nyumba yake amewafungulia mlango wa ndani.

KAZI YENYEWE

Sasa tuje kwenye njia iliyo njema. Kwanza, mwiteni mwenye ujuzi. Hapa Kenya ufugaji wa nyuki huhesabiwa pamoja na mifugo, na tangu mwaka 2013 kazi za ugani ziko chini ya serikali za kaunti; basi afisa wa mifugo wa sehemu yenu ndiye wa kuulizwa kwanza, naye huwajua warina na vikundi vya wafugaji nyuki. Hapa Mtwapa pia tuna kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho ni cha KALRO, na watu wake huweza kumwelekeza mkulima. Patana na fundi mapema juu ya ujira wake, na nani atachukua asali, na nani atachukua kundi. Maneno yakikatwa mapema hapana ugomvi wa usiku.

Fundi hafanyi kazi hii peke yake. Yafaa wawe wawili au watatu, kila mmoja na vazi jeupe au la rangi hafifu linalofunika mwili wote, kofia yenye wavu wa uso, glavu, na viatu vya mpira, na suruali imefungwa ili nyuki asipande mguuni. Vyombo vyao ni hivi: bomba la moshi, kisu kirefu, ndoo mbili zenye vifuniko, manyoya au ufagio laini wa kukusanyia nyuki, kamba laini, na mzinga mtupu.

Mzinga unaofaa sana ni ule wenye viunzi vya juu, ambao watu wa ng'ambo huuita mzinga wa Kenya. Ulienezwa hapa nchini baada ya mwaka 1971, Kenya ilipopata msaada wa Kanada katika kazi ya nyuki. Ni sanduku lenye mbavu za mshazari, na juu yake hupangwa vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32. Kipimo hicho si cha kubahatisha, maana ndio mwendo ambao nyuki wa Afrika wenyewe huacha kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya sega la pili. Kwa hiyo kila sega hukaa juu ya kiunzi chake, na mtu huweza kuliinua bila kuvunja lingine.

Mchana ule wa kazi, kabla ya jua kushuka, mwenye shamba awape majirani wote habari. Mbuzi na ng'ombe wasibaki kamwe wamefungwa kamba karibu na jengo. Mtu aweza kukimbia, na kuku aweza kuruka. Bali mbuzi aliyefungwa hufa pale pale penye mambo. Watoto, wazee na wagonjwa waende nyumba ya mbali. Mtu ye yote anayejua kwamba akichomwa na nyuki mmoja huvimba mwili, asiwepo kabisa.

Jua linapokuchwa kazi huanza. Wakati huo nyuki wa mashambani wamerudi nyumbani, na gizani hawarukiruki kama mchana. Taa ifunikwe kwa kitambaa chekundu, maana macho ya nyuki hayaioni rangi nyekundu. Bomba la moshi litiwe makumbi makavu ya nazi, ambayo hapa pwani hayana bei na moshi wake ni mzuri. Wala lisitiwe plastiki, wala matambara yenye mafuta ya taa. Moshi una kazi mbili. Nyuki akinusa moshi hudhani msitu unaungua, akakimbilia kujaza asali tumboni, na aliyeshiba hana haraka ya kuchoma. Tena moshi huifunika ile harufu ya hatari ambayo nyuki huitoa achomapo, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenziwe wachome pale pale.

Moshi hupulizwa kidogo kidogo mlangoni, kisha fundi hungoja dakika chache. Ndipo hung'oa ubao au bati taratibu, bila kupiga nyundo kwa nguvu. Masega ya asali hukatwa kwanza, yakatiwa katika ndoo, na ndoo ikafunikwa mara moja. Masega yenye majana hukatwa kwa uangalifu, yakafungwa kwa kamba chini ya viunzi vya mzinga, upande wa juu ukabaki juu kama ulivyokuwa. Baada ya siku chache nyuki wenyewe wataligandisha sega kwa nta na kuitafuna ile kamba. Masega mazito ya asali hayafungwi humo, kwa kuwa hukatika, yakawazamisha nyuki na kuwaita siafu.

Shabaha kubwa ni malkia na majana. Malkia hutambulikana kwa tumbo lake refu lililopita mabawa. Nyuki hukusanywa kwa manyoya na kutiwa katika mzinga. Malkia akiisha kuingia, mtaona watenda kazi wakisimama mlangoni pa mzinga, wameinua mkia, wanapepea mabawa. Hiyo ni ishara ya kuwaita wenzao, nao waliobaki huingia kwa miguu kama watu waingiao mkutanoni. Kazi iliyobaki ni kungoja.

Mzinga huachwa karibu na tundu la zamani mpaka wote wameingia. Kabla ya alfajiri mlango wake huzibwa kwa wavu wa waya ili hewa ipite, ukachukuliwa mwendo wa kilomita tatu au zaidi. Usipopelekwa mbali, nyuki watakaokwenda kutafuta chakula watarudi kwenye ghala yako, maana wameikariri njia. Huko uendako utundikwe kwa waya kati ya nguzo mbili, kivulini, waya zikapakwa grisi kuwazuia siafu. Nao uwe mbali na njia, kisima, zizi na shule, yapata mita 300. Maji yawe karibu. Kundi liachwe majuma mawili bila kufunguliwa, kwa maana nyuki wa pwani akipekuliwa kila siku huhama.

USIPOZIBA UFA

Mwenye ghala asidhani kazi imekwisha. Nta iliyogandama ukutani ikwanguliwe yote, na mahali paoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Harufu ya nta ya zamani ni kama kibao kilichoandikwa, "Nyumba ya kupangisha", na bumba litakalopita mwaka ujao litakisoma. Nyuki wachache waliosahaulika watazunguka siku mbili tatu, kisha watatoweka, wasiwatie hofu.

Ndipo nyufa zizibwe kwa saruji au chokaa, na nafasi za hewa chini ya bati zitiwe wavu wa waya wa matundu madogo. Kila tundu linalopitisha kalamu ya risasi, hilo ni mlango wa nyuki. Mapipa matupu na masanduku yasiyo na kazi yafunikwe au yaondolewe. Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na hapa methali hiyo yafuatwa neno kwa neno. Tena mwenye busara atautundika mzinga mtupu, uliopakwa nta kidogo, juu ya mti ulio mbali na nyumba. Bumba lijalo litapata makao yaliyo mema kuliko dari yako.

MTU AKICHOMWA

Nyuki wakikushambulia, usipige mikono hewani wala usisimame. Funika uso, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, ukafunge mlango. Usikimbilie penye watu wengi, utawapelekea msiba. Usijitupe majini, kwa kuwa nyuki hungoja juu mpaka utoe kichwa upate pumzi.

Mwiba wa nyuki una meno kama chusa. Hubaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki mwenyewe kwenda zake. Kwa hiyo utolewe upesi, kwa ukucha au kwa cho chote. Upesi ni bora kuliko ufundi. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Lakini mtu akivimba midomo au ulimi, akitokwa na vipele mwili mzima, akibanwa na pumzi, au akizimia, asingojewe hata kidogo, ijapokuwa amechomwa na nyuki mmoja tu. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huko iko sindano ya kumwokoa, na nyumbani haiko. Vivyo hivyo mtu aliyechomwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee, apelekwe hata kama asema hajambo. Sumu nyingi huweza kudhuru figo baadaye.

KWA NINI TUSIWAUE TU

Mtu aweza kuuliza, "Kama wana hatari hivyo, kwa nini tusiwaue yakaisha?" Nitajibu kwa kumwonyesha shamba lake mwenyewe. Nyuki ni miongoni mwa wadudu wanaozuru maua ya maembe, korosho, nazi, matikiti na maboga. Ua la boga la kike lisilofikiwa na chavua hunyauka na kuanguka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lasema kwamba katika kila mazao manne ya dunia yanayotupa matunda au mbegu za kutumia, matatu hutegemea kwa kiasi fulani wadudu na viumbe wengine wanaochavusha. Ndiyo sababu mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 20 Mei iwe Siku ya Nyuki Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2018.

Hata wale walio pwani kabisa, penye miti ya mikoko, wana faida kwa nyuki, kwani maua ya mikoko hutoa asali. Kwa hiyo kundi lililotolewa ghalani kwa njia njema halipotei. Lina mwenyewe mpya, nalo litatoa asali na nta ya kuuza, na maua ya shamba lako yatazidi kuzuriwa. Kundi lililochomwa moto halina faida kwa mtu ye yote, hata kwa yule aliyelichoma.

Wazee husema, "Fuata nyuki ule asali." Nyuki akiisha kukufuata wewe mpaka ghalani, usiondoke mbio kutafuta kiberiti. Ondoa watoto, fungua mbuzi, weka mtu wa kuzuia wapita njia, kisha mpelekee habari mwenye ujuzi na ungoje jioni. Gharama yake ni siku moja ya subira na ujira wa fundi. Ghala itasimama, mahindi yataliwa, na watu wote wa mji wako watalala salama.